Mlinzi Mlangoni: Dawa ya Presha na Ugonjwa wa Korona

  

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine wataona si la mchungaji. Nataka tuzungumze juu ya presha, yaani shinikizo la damu, na jinsi lilivyohusiana na ugonjwa wa Korona. Mimi si daktari. Katika chuo cha theolojia nilifundishwa Kigiriki na historia ya Kanisa. Figo na mapafu sikufundishwa. Lakini kuna swali niliulizwa siku moja, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kumenifundisha kwamba mchungaji naye yampasa kuuliza na kujua. Niliyojifunza baadaye kwa wauguzi na madaktari ndiyo nitakayowaeleza.

Ilikuwa mwaka wa 2020. Mnaukumbuka. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi, na kabla ya mwezi kwisha makanisa yetu yalikuwa kimya. Tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikafungwa, asiingie mtu wala asitoke, na upande wetu mpaka ukawa pale kwenye daraja la mto Chania, Thika. Ng'ambo ya daraja walikuwako watoto wetu. Huku tulikuwa sisi na wazee. Ikawa hivyo mpaka tarehe 7 Julai. Makanisa yalipofunguliwa mwezi huo, tuliruhusiwa watu 100 tu kwa ibada ya saa moja, na waliozidi miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Basi mchungaji aliyetaka kuwaona wazee wake ilimbidi awafuate kwao.

Katika kuzunguka huko nikafika kwa mama mmoja mzee, aliyekuwa katika umoja wa akina mama wa Kanisa tangu kabla sijazaliwa. Nilisimama uani, naye akaketi mlangoni, kila mtu na barakoa yake.

"Cucu, waendeleaje?" nikamwuliza.

"Naendelea, mwanangu Mchungaji. Lakini nina neno linanisumbua."

Akaingia ndani, akatoka na mkebe wa majani ya chai. Alipoufungua, humo hamkuwa na majani. Mlikuwa na vidonge vyake vya presha, vya mwezi mzima na zaidi, havijaguswa. Akanieleza kwamba tangu aanze vidonge vile alikuwa na kikohozi kikavu kisichokwisha. Siku moja alikohoa ndani ya matatu, na watu wote wakamgeukia kama aliyebeba kifo. Halafu binti yake wa Nairobi akapokea ujumbe kwenye simu, uliosema kwamba dawa za presha huufungulia Korona mlango. Binti akampigia mama yake, na mama akaziweka dawa mkebeni.

"Sasa, Mchungaji, nimeze au nisimeze?"

Ndugu zangu, nilijua kwamba sikujua. Lakini badala ya kusema, "Cucu, ngoja niwaulize wanaojua, nitakujibu kesho," nilisema, "Tutaliombea jambo hili." Nikaomba pale uani, nikaenda zangu, na neno lile nikalisahau. Mwezi wa Septemba mama yule akapatwa na kiharusi. Korona haikumpata. Alipona, lakini mkono wake wa kuume hauwezi tena kuchuma kahawa. Hakuna awezaye kuapa kwamba kiharusi kisingemjia kama angemeza vidonge vyake; lakini twajua ya kuwa presha iliyoachwa bila dawa ni mojawapo ya sababu kubwa za kiharusi. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuwasimulia haya, ila jina lake nisilitaje.

Basi hebu tulichukue swali la mama huyu tulijibu leo, ingawa tumechelewa.

Kwanza, presha ni nini? Ninyi mnaokaa katika matuta ya Murang'a mwajua habari za maji ya bomba. Maji hutoka juu msituni, yakateremka kwa bomba kupita kila tuta. Aliye bondeni hupata maji kwa nguvu nyingi, hata mara nyingine bomba likapasuka. Aliye juu ya tuta hupata matone tu. Ndiyo maana mradi wa maji una fundi wake, anayezunguka na kufunga vali hii na kufungua ile, nguvu ya maji isipungue sana wala isizidi.

Mwili nao una bomba zake, ndiyo mishipa ya damu. Damu ikipungukiwa nguvu, haifiki vizuri kichwani, na mtu husikia kizunguzungu akiinuka. Ikizidi nguvu mwaka baada ya mwaka, mishipa huharibika: ule wa ubongo hupasuka au kuziba, moyo huchoka, figo nazo huharibika. Na mafundi wakubwa wa kazi hii ya kupunguza na kuongeza ni figo zetu mbili.

Figo zikiona nguvu ya damu imeshuka, au chumvi imepungua, hutoa kitu kiitwacho renini na kukiachilia ndani ya damu. Si habari mpya hii. Mwaka wa 1898 wataalamu wawili katika mji wa Stockholm, Robert Tigerstedt na Per Bergman, walichukua maji ya figo za sungura, wakawadunga sungura wengine, wakaona presha yao inapanda. Kitu hicho wakakiita renini.

Renini yenyewe haiikazi mishipa. Ni kama mjumbe anayempa mwingine habari. Ini hutoa protini ambayo huzunguka katika damu, nayo renini huikata kipande. Kipande hicho hukatwa tena na kimeng'enya kimoja kinachoitwa ACE, hasa ndani ya mapafu. (Kimeng'enya ni kitu kidogo mwilini chenye kazi ya kukata na kubadilisha vitu vingine, kama vile vinavyosaga chakula tumboni.) Kinachopatikana mwishoni ni homoni yenye nguvu sana, jina lake anjiotensini ya pili. Hii ndiyo inayoiambia mishipa, "Jikazeni." Tena huziambia tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni nyingine, aldosteroni, ambayo huzifanya figo zishike chumvi na maji. Bomba limekazwa, maji yameongezwa. Basi presha hupanda.

Mpango huu ni mwema. Mtu akitoka damu nyingi, au akitapika na kuhara mpaka mwili ukakauka, ndio unaomhifadhi hai. Lakini kila kinachokaza chahitaji cha kulegeza. Na hapa ndipo tunapofika kwa mlinzi wetu.

Mwaka wa 2000 wataalamu walitambua kimeng'enya kingine, ndugu wa yule wa kwanza, wakakiita ACE2. Huyu hukaa juu ya ngozi ya chembe za mwili, katika mapafu, moyo, figo na matumbo, kama mlinzi aliyesimama mlangoni pa nyumba. Kazi yake ni kuishika ile anjiotensini ya pili, inayokaza, na kuibadilisha iwe kitu kinacholegeza mishipa na kutuliza. Ndugu mmoja hukaza, ndugu wa pili hulegeza, na mwili hukaa katikati kwa usalama.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Virusi vya Korona haviwezi kuingia katika chembe ya mwili hivi hivi. Vinahitaji mahali pa kushika. Vile vimiba mlivyoviona katika picha, vilivyozunguka kama taji, hushika kitu kimoja hasa, nacho ni huyu mlinzi ACE2. Ni kama mwizi anayefika mlangoni usiku, akashika koti la mlinzi, na mlinzi anapovutwa ndani, mwizi huingia naye. Jambo hili lilikwisha kujulikana mwaka wa 2003, wakati wa ugonjwa wa SARS ulioanzia China, kwa maana virusi vile, ndugu wa hivi, vilitumia mlango uo huo.

Hasara hapa ni mbili. Ya kwanza, mwizi yumo ndani. Ya pili, mlinzi hayuko tena mahali pake. ACE2 wakipungua mlangoni, anjiotensini ya pili yaweza kubaki bila wa kuituliza, na ikizidi huchochea uvimbe wa ndani na kugandisha damu. Wataalamu wengi huona kwamba hii ni mojawapo ya njia ambazo mapafu ya wagonjwa wengine yaliharibiwa vibaya, ingawa si njia pekee. Hivyo ndivyo mpango wa mwili wa kutunza presha ulivyokutana na ugonjwa uliokuja kwa hewa.

Na zile dawa, je? Vidonge vingi vya presha vinavyotolewa katika hospitali zetu hufanya kazi katika mpango huu huu. Kundi la kwanza, kama Enalapril, humzuia yule ACE wa kwanza asikate. Kundi la pili, kama Losartan, huiziba mishipa masikio isisikie sauti ya anjiotensini. Kwa njia zote mbili mishipa hulegea na presha hushuka. Na tusisahau chanzo cha kundi lile la kwanza: wataalamu walianza kwa kuchunguza sumu ya nyoka mmoja wa Brazili, ambaye akimwuma mtu presha yake huanguka ghafula. Kutokana na elimu hiyo ikatengenezwa dawa ya Captopril, iliyoanza kutumiwa hospitalini kati ya mwaka wa 1980 na 1981. Msomaji wa Hesabu sura ya 21 hatashangaa kwamba Mungu aweza kuleta uzima kwa njia ya nyoka.

Dawa za kundi hilo la kwanza zina tabia moja inayojulikana sana: huwaletea watu wengine kikohozi kikavu. Hiki ndicho kikohozi cha Cucu ndani ya matatu. Hakikuwa Korona. Angemwambia daktari, angebadilishiwa dawa na kupewa za kundi la pili, ambazo ni mara chache kuleta kikohozi hicho. Lakini nani angemwambia, ikiwa hata mchungaji wake hakuuliza?

Tena uvumi ule ulitoka wapi? Haukutoka hewani tu, na hii ndiyo sababu ulikuwa na nguvu. Katika wanyama wengine waliochunguzwa, dawa hizi zilionekana kuongeza idadi ya ACE2. Basi mwanzoni mwa 2020 madaktari wengine wakauliza katika majarida yao: ikiwa dawa huongeza walinzi mlangoni, je, mwizi hatapata makoti mengi zaidi ya kushika? Lilikuwa swali halali. Lakini wengine nao waliuliza kinyume chake: ikiwa ugonjwa hupunguza walinzi, je, dawa inayoizuia anjiotensini haitayalinda mapafu? Hilo nalo lilikuwa halali. Maswali mawili, na majibu hakuna. Vyama vya madaktari wa moyo vikatoa shauri mapema, mwezi uo huo wa Machi, kwamba wagonjwa wasiache dawa zao, kwa sababu hatari ya kuziacha inajulikana, na hatari ya kuzimeza ni dhana tu. Lakini swali lile likapanda simu. Na kwenye simu, ndugu zangu, alama ya kuuliza huanguka njiani. Lililoondoka kama "je, yawezekana?" lilifika kwetu kama "imethibitishwa".

Jibu lilipatikana kwa njia ya haki, yaani kwa kupima. Huko Brazili walichukuliwa wagonjwa 659 waliolazwa kwa Korona, nao wote walikuwa wakimeza dawa hizi tangu zamani. Wakagawanywa kwa kura makundi mawili: kundi moja likaacha dawa kwa siku 30, kundi la pili likaendelea. Matokeo yalitolewa Januari 2021. Katika siku hizo 30, waliokufa miongoni mwa walioacha walikuwa karibu 3 katika kila 100, na miongoni mwa walioendelea vivyo hivyo. Kuacha dawa hakukumwokoa mtu. Uchunguzi mwingine kama huo, uliofanywa katika nchi kadhaa, ulileta jibu lile lile mwaka huo.

Na waliodhani dawa hizi ni tiba ya Korona nao walijibiwa. Mwaka wa 2023 ulitolewa uchunguzi juu ya wagonjwa mahututi ambao walianzishiwa dawa hizi kama tiba ya ugonjwa huo. Hazikuwasaidia; ilielekea hata kwamba ziliwadhuru. Basi woga ulikosea, na tumaini la haraka nalo lilikosea. Dawa ya presha ni dawa ya presha. Haiufungui mlango, wala haiufungi.

Mtasema, "Mchungaji, Korona imepita." Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya hatari mwezi wa Mei 2023. Lakini virusi vyenyewe havikuondoka duniani, na presha haikupita hata siku moja. Uchunguzi uliofanywa katika Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 katika kila 4 ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Hesabuni viti vya kanisa lenu Jumapili ijayo. Katika kila kiti cha watu wanne, fikirini habari ya mmoja. Na uvumi nao haukupita. Leo ni wa dawa hii, kesho utakuwa wa dawa ile.

Basi nitawaachia maneno machache ya kushika.

Usiache dawa ya presha kwa sababu ya ujumbe wa simu, wala kwa sababu ya mahubiri, hata yangu. Ukiwa na kikohozi, kizunguzungu au shida yoyote, rudi kwa aliyekupa dawa umwambie waziwazi. Ukishikwa na homa, ukitapika au kuhara sana, nenda hospitali upesi na uwaambie unameza dawa gani, maana mwili uliokauka maji pamoja na dawa hizi huweza kuzitaabisha figo, na daktari aweza kukuambia uzisimamishe siku chache. Mama mwenye mimba asitumie dawa za makundi haya mawili; amwambie daktari mapema abadilishiwe. Na wewe ambaye hujapimwa kamwe, pimwa. Ni kazi ya dakika tano, na presha ya juu haipigi hodi.

Kuna watu wanaodhani kwamba kumeza kidonge ni kumkosea Mungu imani. Someni Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, mstari wa 23. Paulo, ambaye kwa mikono yake wengi waliponywa, anamshauri kijana wake atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Hata Hezekia, aliyelia akasikiwa, aliwekewa mkate wa tini juu ya jipu lake. Kuomba na kutibiwa havikupigana katika Maandiko. Vilikuja kupigana pale uani kwa Cucu, kwa sababu mimi nilifanya maombi kuwa mahali pa kujificha, nisije nikakiri kwamba sijui.

Nilipokwenda kumwomba msamaha, alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mchungaji, siku ile ulikuwa na haraka." Hakuongeza neno. Akamwita mjukuu atuletee chai, nasi tukanywa, yeye akishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mkebe ule ulikuwa juu ya meza, na safari hii nilimwona akiufungua na kumeza kidonge chake.

Siku hizi, Jumapili ya kwanza ya mwezi, muuguzi mmoja wa parokia yetu huketi chini ya mti baada ya ibada na kile kipimo cha mkononi, nasi hupanga foleni, mimi nikiwa wa kwanza. Maana na mimi, wasikilizaji wapendwa, nimekutwa na presha, nami nameza kidonge kila asubuhi kabla ya sala.

Bwana awape afya ya mwili na roho, na ujasiri wa kuuliza. Kwaherini mpaka juma lijalo, Mungu akipenda.